MWAKILISHI NA SIFA ZA WATUMISHI WA UMMA: MAFUNZO KUTOKA MBINGA NA MWAMBAO WA NYASA

Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge letu hukaa Dodoma kujadili bajeti. Mwananchi wa Mbinga au wa Mbamba Bay anayefuatilia mijadala hiyo kwa redio amekwisha kuzoea namna hotuba nyingi zinavyoanza. Mbunge humshukuru Mwenyezi Mungu, humpongeza Rais, humpongeza Waziri Mkuu, humpongeza waziri mwenye hoja na naibu wake, kisha huwashukuru viongozi wa Chama, familia yake na wapiga kura wake kwa jumla. Dakika alizopewa ni chache, na sehemu yake imekwisha kupita. Ni mara chache zaidi kumsikia mbunge akisimama na kusema kwamba katika zahanati ya kijiji fulani yupo muuguzi mkunga anayezalisha kina mama usiku kwa mwanga wa tochi, na kwamba Bunge limtambue.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini jambo hili, ambalo wengine huliona kuwa adabu tu ya mazungumzo, ni suala la siasa, na hivyo ni sehemu ya kazi ya kada. Mifano yetu mingi tutaichukua katika nchi ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, kwa sababu historia ya huko inafundisha mengi juu ya sifa na matumizi yake.

Sifa ni kipimo

Kumsifu mtu hadharani ni kutangaza kipimo. Jamii inapomsimamisha mtu mbele ya watu na kusema kwamba amefanya vema, inawaambia wengine wote tendo gani lina thamani, na pia nani ana mamlaka ya kulipima. Kwa hiyo kila utawala umekuwa na sifa zake. Utawala wa kikoloni ulikuwa na nishani kwa machifu waliokusanya kodi kwa wakati na kutoa vibarua bila ubishi. Waliokataa walipata malipo mengine. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mjini Songea viongozi wa Vita vya Maji Maji, na kwa kipimo cha mkoloni watu hao walikuwa wahalifu. Leo tarehe hiyo hiyo huadhimishwa Songea kwa heshima, na wale wale huitwa mashujaa. Tendo ni lile lile; kilichobadilika ni mkono unaoshika mizani.

Baada ya Uhuru mizani ilihamia kwa wananchi na wawakilishi wao. Mwaka 2004 Bunge lilitunga sheria ya kuwaenzi waasisi wa Taifa, Mwalimu Nyerere na Mzee Karume. Hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini taifa halikujengwa na waasisi peke yao, na wala haliendeshwi na viongozi peke yao. Hapana budi tuulize: yule anayelibeba taifa katika kijiji hupimwa kwa mizani ipi?

Kwa nini sifa hupanda kuliko kushuka

Tusilijibu swali hilo kwa kulaumu tabia ya mbunge huyu au yule. Kada hutafuta sababu katika uhusiano wa watu na madaraka. Waziri anaweza kupeleka fedha za barabara jimboni. Kiongozi wa ngazi ya juu ana sauti katika uteuzi. Muuguzi wa zahanati ya mwambao hana cha kumpa mbunge ila kura yake moja, na pengine kituo chake cha kazi ni mbali na kwao alikojiandikishia. Basi sifa hufuata njia ya maji kinyume: hupanda mlima kwenda kwenye madaraka, na bonde hubaki kavu.

Hata msibani jambo hilo huonekana. Lituhi, kwenye mwambao wa Nyasa, ndiko alikozikwa Kapteni John Komba, mbunge wa Mbinga Magharibi tangu mwaka 2005 hadi alipofariki tarehe 28 Februari 2015. Alikuwa msanii wa taifa, na mwaka 1999 sauti yake na ya kundi la TOT ndizo zilizowaliza wananchi walipomwomboleza Mwalimu. Heshima aliyopewa aliistahili. Lakini katika mwambao huo huo wamezikwa pia walimu waliofundisha miaka mingi wakati njia pekee ya kufika vijijini mwao ilikuwa meli, mtumbwi au miguu, kabla ya barabara ya lami ya kilomita zipatazo 66 kushuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay. Wao waliagwa na wanafunzi wao tu. Tunapolitaja jambo hili hatuna nia ya kupunguza heshima ya mwakilishi. Tunataka mwakilishi aipeleke mbele heshima hiyo, kwa kuwa alitumwa kusema kwa niaba yao.

Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge, kwa niaba ya wananchi, madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Wengi hudhani kwamba kusimamia maana yake ni kukemea tu. Lakini mbunge hawezi kumsifu mtumishi wa kijiji kwa ukweli bila kujua anafanya nini, kwa vifaa gani, kwa mshahara gani, na katika nyumba gani. Sifa ya kweli ni taarifa ya ukaguzi. Ndiyo sababu sifa inayoshuka chini ni kazi ya uwakilishi yenyewe.

Ngoro: kazi ya wengi na jina la mmoja

Hatari ya kwanza katika kusifu ni kumtaja mmoja na kuwaficha wengi. Milima ya Umatengo inajulikana kwa kilimo cha ngoro. Wataalamu wa ndani na nje, pamoja na wale wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wamekichunguza na kukisifu, kwa maana mashimo yake hunasa maji ya mvua na kuzuia udongo usichukuliwe kwenye miteremko mikali. Tuangalie kazi yenyewe. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba. Wanawake ndio wanaochimba udongo katikati ya kila mraba, wakaufunika juu ya majani hayo hadi yakawa matuta yanayozunguka shimo, kisha wakapanda maharage. Zao la kahawa, ambalo ndilo lililoleta fedha na uanachama wa ushirika, kwa muda mrefu limekuwa mikononi mwa wanaume. Basi mgeni akifika na kuomba aonyeshwe mkulima bora, nani atasimama mbele? Kiongozi asiyeichambua kazi atampa mkono mwenye kahawa, na jembe la mama litabaki shambani bila jina.

Kosa hilo halikuanza kwetu. Agosti 1935, katika Muungano wa Sovieti, mchimba makaa ya mawe Aleksei Stakhanov alitangazwa kuwa amechimba tani 102 katika zamu moja, mara 14 ya kiwango kilichowekwa. Wenzake waliokuwa wakisimamisha nguzo nyuma yake ili mwamba usiwaangukie hawakupata utukufu huo. Mwaka uliofuata viwango vya kazi vilipandishwa kwa wafanyakazi wote. Sifa ya mmoja ikawa mzigo wa wengi. Kada anayetayarisha orodha ya wafanyakazi hodari wa Mei Mosi aukumbuke mfano huu.

Litowa: sifa bila ulinzi

Hatari ya pili ni kumsifu mtu kisha kumwacha peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU, akiwamo Ntimbanjayo Millinga, walianzisha kijiji cha Litowa katika wilaya ya Songea, jirani na Mbinga. Kutoka hapo ulikua Umoja wa Maendeleo wa Ruvuma, uliounganisha vijiji zaidi ya 15 vilivyolima, kufundisha na kuamua mambo yao kwa pamoja, bila kusukumwa. Mwalimu Nyerere aliusifu na kuutembelea, na mawazo aliyoyaandika mwaka 1967 juu ya Ujamaa Vijijini yalipata nguvu kwa kuwa mfano hai ulikuwapo.

Lakini sifa hiyo ya juu iliwaudhi baadhi ya viongozi wa mkoa, walioona kwamba wakulima hawa hawawahitaji. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo, na mali zake zikachukuliwa. Watu waliosifiwa kwa kujitegemea waliadhibiwa kwa kujitegemea. Hatuoni sababu ya kulificha jambo hili kwa wanafunzi wa itikadi, maana ni miezi 17 tu baadaye, Februari 1971, Mwongozo wa TANU ulipokemea viongozi wenye kiburi na wanaowadharau watu wanaowaongoza. Fundisho ni hili: sifa humwinua mtu mahali ambapo wenye wivu wanamwona. Mwalimu mkuu anayesifiwa na mbunge kwa kukataa michango isiyo halali, au mtendaji wa kijiji anayesifiwa kwa kusoma mapato na matumizi hadharani, amekwisha kuwekewa alama. Mwakilishi asipokuwa tayari kumtetea kesho, ni bora amshukuru faraghani leo.

Sifa na deni

Hatari ya tatu ni kulipa kwa maneno deni linalopaswa kulipwa kwa vitendo. Wavuvi wa usipa na mbasa wa Liuli na Mbamba Bay wanajua kwamba chombo kikizama, mwokoaji wa kwanza ni mvuvi mwenzao. Mfano wa jambo hilo uliotikisa nchi ulitokea katika ziwa jingine. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria yenye watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Watu 19 walifariki na 24 waliokolewa. Wavuvi ndio waliowahi kufika na mitumbwi yao. Kijana mmoja miongoni mwao alisifiwa nchi nzima, akapewa zawadi ya fedha, na Rais akaagiza achukuliwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Zawadi ile ilikuwa njema. Lakini ushujaa wa mvuvi ulikuwa pia swali kwa Serikali: kwa nini mtumbwi wa makasia ulitangulia? Kila tunapomsifu mtu kwa kujitolea, tumetaja pengo ambalo alilijaza kwa mwili wake. Mwakilishi anayelitaja tendo na kunyamazia pengo ametoa nusu ya ukweli. Kwa miaka mingi tuliwasifu wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwa moyo wao, huku wakitembea kutoka kaya hadi kaya bila malipo ya uhakika. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu hao, wenye mafunzo rasmi na posho. Hapo sifa ilianza kuwa sera, na ndiyo njia inayotakiwa.

Tusichanganye sifa na takrima. Mabadiliko ya Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu mgombea kutoa takrima, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinapingana na Katiba. Mbunge anayemtambua muuguzi kwa kanga na sukari miezi miwili kabla ya kura za maoni anajitambulisha yeye mwenyewe. Atazamwe hivyo.

Kazi ya kada

Nini kifanyike? Kwanza, majina yatoke chini. Wamatengo wa zamani walikuwa na sengu: jamaa walikula pamoja, na hapo mambo ya ukoo yalijadiliwa, magomvi yakaamuliwa na vijana wakafundwa. Hakuna aliyehitaji kuletewa kutoka nje jina la mtu mwema, kwa kuwa waliokula naye walimjua. Leo tunao Mkutano Mkuu wa Kijiji, uliowekwa na Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, ambamo kila mkazi mtu mzima, mwanamke kwa mwanamume, ana sauti. Huko ndiko mtumishi apimwe na anaowahudumia. Mkutano uliojaa woga hauwezi kusifu kwa haki, kama usivyoweza kukosoa. Basi kada aanze kwa kuulinda uhuru wa mkutano.

Pili, diwani na mbunge wanapopokea jina, waitaje kazi yenyewe kwa usahihi, na wenzake walioifanya pamoja naye. Tatu, baada ya kutaja kazi wataje deni: nyumba ya mtumishi, malimbikizo ya mshahara, dawa, boti. Nne, warudi kijijini na kueleza deni hilo limefikia wapi. Mwakilishi atakayefanya hayo hatahitaji hotuba ndefu, na wananchi wa Nyasa watamsikiliza hata kama redio inakoroma.

Cheo ni dhamana. Ulimi wa mwakilishi pia ni dhamana, kwa kuwa umekopwa kwa wasio na nafasi ya kusema.

Maswali ya kujadili katika madarasa na matawi

1. Taja watumishi watatu wa kata yako ambao wananchi wenyewe wangewachagua kwa sifa. Je, wapo katika orodha za Mei Mosi? Kama hawapo, kwa nini?

2. Katika kazi mojawapo ya uzalishaji kijijini kwako, nani anayeifanya na nani anayetajwa?

3. Ni deni gani lililofichwa nyuma ya sifa uliyoisikia mara ya mwisho katika mkutano wa hadhara?