Kutu na Masalia ya Vita

Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilipiganwa zaidi upande wa Kyaka na Mutukula kuliko Karagwe. Lakini vyuma husafiri: hubebwa na askari arejeaye kwao, na mchuuzi wa vyuma chakavu, na watoto. Kwa hiyo si ajabu kukuta katika nyumba ya Kituntu kofia ya chuma ya askari iliyowekwa kuwa kumbukumbu. Mwenye nyumba huona kutu ikiila, naye hutaka kuisafisha. Ni kazi njema, ila kwa kila kitu cha vita hutanguliwa na swali moja: je, kitu hicho kimekufa kweli?

Wengi hudhani kwamba bomu lililoliwa na kutu limepoteza nguvu. Sivyo. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni kwa msaada wa maji. Basi kiliwacho ni gamba, pini na springi, wala si baruti iliyomo ndani. TNT huyeyuka katika maji kwa kiasi kidogo mno, na yaweza kukaa ardhini miaka mingi ikiwa bado na nguvu. Fataki ni mbaya zaidi. Baadhi yake zina azidi ya risasi (yaani ile metali nzito, si risasi ya bunduki). Unyevu ukiifikia mahali penye shaba, huweza kuzaliwa azidi ya shaba, ambayo hulipuka kwa mkwaruzo mdogo tu. Tarehe 8 Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, mkoani Kagera, bomu la mkono lililookotwa likidhaniwa kuwa chuma chakavu liliua wanafunzi 5 na kujeruhi wengine zaidi ya 40.

Kwa hiyo bomu, kombora au risasi nzima havisafishwi nyumbani, hata kama jirani ameapa kuwa ni vitupu. Kitu kiachwe kilipo, hata kama kimekwisha kukaa rafuni miaka kumi. Watu wajitenge, na polisi wapewe habari ili wataalamu wa jeshi waitwe.

Kofia ya chuma haina siri ya namna hiyo. Ioshwe kwa maji na brashi laini. Msasa usitumike, maana huondoa namba za kiwandani pamoja na kutu. Ikiwa rangi yake ya zamani imekwisha kabisa, umeme hufaa: beseni la plastiki, maji, na magadi ya kufulia kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita. Kofia ifungwe kwenye ncha hasi ya betri ya volti 12, na kipande cha chuma cha kawaida kwenye ncha chanya, visigusane. Elektroni ziingiazo katika kofia hubadili kutu nyekundu kuwa nyeusi iliyolegea, na mapovu ya haidrojeni huiambua. Haidrojeni huwaka, basi kazi ifanyike nje, mbali na moto. Chuma kisichoshika kutu kisiwekwe upande wa chanya, kwani hutoa kromiamu yenye sumu.

Kofia ikaushwe mara moja juani, kisha ipakwe maji yaliyochemshiwa magome ya miwati. Tanini iliyomo huungana na kutu iliyosalia vishimoni, ikafanya utando mweusi ulio imara. Juu yake hupakwa nta ya nyuki. Tundu lililotobolewa vitani, kama lipo, lisizibwe.