Tazama Pamba, Acha Kalenda

Wiki iliyopita simu iliita saa tano usiku. "Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Damu imekata tangu siku ya 17, nami arobaini bado. Nikiswali itasihi?" Nikamwuliza mtoto ana siku ngapi. Akajibu 32. Nyuma yake nikasikia sauti ya mtu mzima: "Mwambie mimi nimezaa saba, na wote nimekaa arobaini kamili!"

Piga hesabu mwenyewe. Siku 15, kila siku swala 5: swala 75 zimempita mwanamke aliyekuwa twahara, au angekuwa twahara lau angeoga.

Nafundisha fiqhi ya wanawake hapa Unguja miaka mingi, na hakuna swali lililonichosha kama hili. Huliuliza mwenye shahada na aliyeishia darasa la nne. Wote wamepita chuoni, wote wamesoma Safina. Leo naliandika, ili nikiulizwa tena niseme: kasome.

Tuanze na hiyo Safina. Kitabu hicho kidogo cha Sheikh Salim bin Sumeyr wa Hadhramaut ndicho wengi wetu pwani tulichoanzia fiqhi. Kimetaja nifasi, yaani damu ya uzazi, kwa vipimo vitatu: uchache wake ni tone la mara moja, ada yake siku 40, wingi wake siku 60. Mtoto wa miaka kumi huvikariri vyote bila kukwama. Akikua, akiolewa, akizaa, hubaki na kimoja tu, kile cha katikati, nacho keshakigeuza kifungo.

Jamani, ada ni kile kinachotokea kwa wengi. Boti ya kwenda Dar es Salaam kwa kawaida huchukua kama saa mbili. Siku ikifunga gati mapema, nani hubaki kitini, mizigo mapajani, akingoja saa mbili zitimie?

Waliosoma kidogo zaidi hunijia na Hadithi ya Bi Ummu Salama, mkewe Mtume (s.a.w.), kwamba wazazi wa zama zake walikuwa wakikaa siku 40. Ni kweli, imo kwa Abu Daud na kwa Tirmidhi. Basi msifunge kitabu. Tirmidhi mwenyewe, baada ya kuipokea, anaeleza kuwa wanazuoni wameafikiana: mzazi huacha swala siku 40, isipokuwa akiona twahara kabla yake, hapo ataoga na kuswali. Hiyo "isipokuwa" ndiyo iliyodondoka njiani, baina ya chuo na jikoni.

Wanawake wa Madina walikuwa na kipimo bora kuliko kuhesabu siku. Walimpelekea Bi Aisha vikasha vidogo vyenye pamba iliyoshika umanjano, wapate kujua kama hedhi imekwisha, naye akiwaambia wasifanye haraka mpaka waone weupe. Ile ilikuwa hedhi, lakini alama ya twahara ni hiyo hiyo. Mwanamke alitazama pamba yake mwenyewe, na akitatizika akamwuliza mwanamke mwenye elimu. Mama mkwe na kalenda ya ukutani hawakuwemo.

Tena kosa hili hukata pande mbili. Wapo ambao siku ya 41 damu ingali inatoka, lakini kwa kuwa mtoto keshatolewa nje na pilau ya arobaini imeliwa, wanaoga na kutandika mswala. Kwa madhehebu yetu ya Shafi hiyo bado ni nifasi, mpaka siku ya 60.

Sisemi arobaini itupwe. Kukandwa maji moto, kufungwa mkaja, uji wa pilipili manga, mzazi asiinue ndoo: hayo ni mapenzi, na anayeyafanya ana thawabu zake. Lakini mapumziko ya mwili hayaondoi faradhi. Ikiwa kusimama kunakushinda, swali umekaa.

Na wewe unayenunua shabu ya kukausha damu ili uwahi Ramadhani, acha. Tumbo linajisafisha. Ukilizibia unajitafutia maradhi.

Haya, haraka haraka. Damu imekata, pamba imetoka safi: oga, uwe na siku 5 au 35. Imekata kabla jua halijazama: unadaiwa Alasiri pamoja na Adhuhuri. Kabla ya alfajiri: Isha pamoja na Magharibi. Imerudi kabla ya siku 15 za twahara, na 60 hazijatimia: ni nifasi, acha swala tena. Imevuka 60: hapo pana istihadha, damu isiyo ya nifasi wala hedhi, njoo tuhesabu ada yako, lakini pitia hospitali kwanza. Homa, harufu mbaya, damu ya kumwagika: hospitali sasa hivi, usinipigie mimi. Mume: ukishaoga sheria haimkatazi, ila kama mwili haujapona, asubiri. Swala za siku za nifasi hazilipwi, funga zinalipwa. Anayenyonyesha akala kwa kumhofia mtoto tu, alipe siku na kibaba cha chakula kwa kila siku. Akijihofia mwenyewe, siku tu.

Na siku ambazo huswali? Dua, dhikri, kumswalia Mtume, kusikiliza Qur'ani: vyote ni vyako. Bi Asmaa binti Umeys alijifungua Dhul-Hulayfa, msafara wa Hija ya kuaga ndio kwanza umetoka Madina, mwaka wa 10 Hijria. Mtume alimwagiza aoge, ajifunge kitambaa, aingie ihramu. Nyumbani palikuwa karibu, na hakurudishwa.

Yule wa saa tano usiku nilimwambia aoge usiku ule ule, aswali Isha yake, na kuanzia alfajiri kila faradhi aifuatishe na moja ya deni. Mwanawe akifika siku ya 47, atakuwa amemaliza.