Daraja la Mtandao kwa Mashine Pepe katika Seva ya Linux

Seva moja ya Linux inaweza kubeba mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta zisizo na umbo zinazoendeshwa na programu ndani ya kompyuta halisi. Uwezo huo umekuwa sehemu ya kiini cha Linux tangu mwaka 2007, toleo la 2.6.20 lilipoingiziwa KVM. Katika utafiti wangu, niliutumia kutenganisha hifadhi ya matini za Kiswahili na programu za kuzichambua, ili hitilafu ya upande mmoja isiuharibu mwingine. Tatizo lililojitokeza halikuwa la uchambuzi bali la mawasiliano. Wanukuzi waliokuwa chumba cha pili hawakuweza kuifikia mashine yenye matini, ilhali mashine yenyewe iliufikia mtandao wa intaneti bila shida.

Chanzo chake ni mpangilio wa awali. Programu ya libvirt huunda mtandao wa ndani wenye anwani zinazoanza na 192.168.122, na seva mwenyeji husimama mlangoni. Mgeni anapotuma ujumbe, mwenyeji huondoa anwani ya mgeni na kuweka yake, kisha majibu yanaporejea humkabidhi mhusika. Mtu wa nje anayetaka kuanzisha mazungumzo hana njia, kwa kuwa anwani ya mgeni haijulikani nje ya nyumba. Kwa majaribio mpangilio huo watosha, tena una usalama zaidi. Kwa mashine inayotoa huduma, haufai.

Daraja huondoa ukuta huo. Kimsingi ni swichi ya Etherneti iliyoundwa kwa programu ndani ya kiini. Haishughulikii anwani za IP za wanaowasiliana. Husoma anwani za maunzi zenye biti 48, hukumbuka kila moja imeonekana kwenye mlango upi, na hupeleka fremu huko tu. Mlango mmoja wa daraja ni kadi halisi ya mtandao, na mingine ni ya wageni, ambayo kwa kawaida huitwa vnet0, vnet1 na kuendelea. Hivyo mgeni huomba anwani kwa seva ileile ya DHCP inayozihudumia kompyuta nyingine za jengo, na huonekana kama kompyuta iliyochomekwa waya ukutani.

Ugumu umo katika hatua moja ambayo maelekezo mengi huipita haraka mno. Amri za mwanzo ni mbili:

ip link add name br0 type bridge
ip link set eno1 master br0

Baada ya amri ya pili, kadi ya eno1 si kituo tena bali ni mlango wa daraja. Fremu zinazoingia humezwa na daraja, na anwani ya IP iliyobaki kwenye kadi haina kazi. Ni lazima anwani hiyo, pamoja na njia ya kutokea, ihamishiwe br0, na br0 iwashwe. Niliziandika amri hizi moja baada ya nyingine nikiwa nyumbani, Ijumaa jioni. Amri ya tatu haikufika. Chumba cha seva kilikuwa kimefungwa hadi Jumatatu, na kazi ya unukuzi ikasimama siku mbili.

Anayefanya kazi kwa mbali hana budi kuandika mpangilio wote katika faili na kuutekeleza kwa pamoja. Faili linahitajika kwa vyovyote, maana amri za mkono hufutika seva inapozimwa. Kwa wanaotumia Ubuntu, amri ya netplan try husubiri uthibitisho kwa sekunde 120, kisha hurejesha mpangilio wa zamani usipothibitishwa. Hata hivyo, yafaa kujua kwamba urejeshaji huo hautegemeki kikamilifu katika mipangilio ya daraja. Kibodi ya seva ndiyo kinga bora.

Aidha, daraja halifanyi kazi ipasavyo juu ya kadi ya Wi-Fi ya kawaida, kwani kituo cha Wi-Fi hukataa fremu zenye anwani ya maunzi ambayo hakijaisajili. Baadhi ya swichi za taasisi nazo hufunga mlango zinapoona anwani kadhaa kwenye waya mmoja, hivyo msimamizi wa mtandao aarifiwe mapema. Pale ambapo Docker imewekwa kwenye seva hiyohiyo, kanuni zake za ukuta wa moto zaweza kuzuia fremu za wageni hata kama daraja limejengwa sawasawa. Dalili yake ni kwamba mwenyeji huwasiliana na wote, na wageni hawamfikii yeyote nje ya seva.