Redio ya Wembe: Sayansi ya Mahandakini Anzio

Tarehe 22 Januari 1944, majeshi ya Marekani na Uingereza yaliteremka pwani ya Anzio, Italia, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Roma. Kuufikia mji huo kuliwachukua zaidi ya miezi minne. Mizinga ya Wajerumani iliwabana ufukweni, na maelfu ya askari wakawa wanaishi mahandakini.

Sauti hazikuwa haba hewani. Tangu Mei 1942 jeshi la Marekani lilikuwa na huduma yake ya redio, AFRS, iliyotayarisha vipindi Los Angeles, ikavirekodi kwenye santuri na kuvipeleka kwa vituo vya jeshi ng'ambo. Wajerumani nao walitangaza kwa Kiingereza kutoka Roma, wakichanganya muziki mtamu na maneno ya kuwavunja moyo askari. Mmoja wa watangazaji wao alikuwa Rita Zucca, mzaliwa wa New York. Kilichokosekana handakini kilikuwa chombo cha kupokea matangazo. Redio za wakati huo zilitaka betri, na baadhi zilitoa mawimbi yake zenyewe ambayo adui angeweza kuyanasa.

Basi askari wakajiundia zao: waya uliozungushwa kwenye bomba la karatasi ngumu, waya mrefu wa antena, mwingine wa kwenda ardhini, kisikilizio cha sikioni, wembe, na pini iliyochomekwa kipande cha kile kiini cheusi cha penseli, yaani grafiti. Betri hakuna.

Siri ilikuwa pale grafiti ilipogusa wembe. Kituo cha mawimbi ya kati hutikisa umeme wa antena mbele na nyuma mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na sauti ya mtangazaji hubebwa katika kuongezeka na kupungua kwa nguvu ya mtikisiko huo. Kiwambo cha kisikilizio hakiwezi kuifuata kasi hiyo: msukumo wa mbele hufutwa na wa nyuma, na sikio halisikii kitu. Lakini utando mwembamba wa oksidi juu ya chuma, ukiguswa na grafiti, huupitisha umeme kwa wepesi upande mmoja na kuuzuia upande wa pili, kama valvu ya baiskeli inavyopitisha upepo. Nusu moja ya mtikisiko ikizuiwa, inayobaki hupanda na kushuka sawasawa na sauti. Nguvu yote ya kukitikisa kisikilizio hutoka kwenye mawimbi ya kituo. Kazi ya askari ilikuwa kuisogeza ncha taratibu juu ya wembe mpaka apate mahali panapoitika.

Kanuni hiyo haikuzaliwa Anzio, wala haikuishia huko. Mwanasayansi wa India, Jagadish Chandra Bose, alipata hataza ya kifaa cha fuwele cha kunasa mawimbi mwaka 1904. Desemba 1947, John Bardeen na Walter Brattain waliunda transista ya kwanza kwa ncha za dhahabu zilizogusa kipande cha jerimani. Simu za leo zimejaa vizazi vya transista hiyo.

Walimu wa fizikia, lijaribuni jambo hili darasani, hasa mkiwa karibu na kituo cha mawimbi ya kati. Wembe ukigoma, dayodi ya jerimani itafanya kazi ileile. Mwanafunzi atakayesikia sauti ikitoka kwenye chombo kisicho na betri, alichokiunda kwa mikono yake, hataona tena fizikia kuwa somo la kukariri.