Kabla ya Kununua Luninga ya Picha Angavu, Pima Macho

Miaka miwili iliyopita, masika yakiwa yamekolea, watoto wa mama yangu mkubwa walikutana nyumbani kwake Ibighi, wilayani Rungwe, wakachangishana fedha za kumnunulia luninga mpya. Ile ya chogo bado ilikuwa ikifanya kazi, ila mama alilalamika kuwa watangazaji wa taarifa ya habari wamekuwa kama watu waliosimama katika ukungu wa Mlima Rungwe. Wakanunua luninga bapa ya inchi 32, boksi lake limeandikwa "Full HD". Ilipowashwa, wajukuu walishangilia. Mama aliitazama kitambo, kisha akauliza kwa upole: "Mwanangu, na huku nako ukungu umehamia?"

Mimi ni mhudumu wa afya, na naona haya kukiri kwamba jambo la kwanza nililofanya ni kukagua nyaya.

Nyaya nazo zilikuwa na kasoro, kwa hiyo tuanze nazo. Picha ya luninga ni mkusanyiko wa nukta ndogo za mwanga. Picha ya kawaida ya dijiti huwa na nukta 720 kwa 576, yaani takribani laki nne. Ile iitwayo HD huanzia 1,280 kwa 720, karibu laki tisa na ushei, na Full HD ni 1,920 kwa 1,080, zaidi ya milioni mbili. Lakini nukta hizo hazizaliwi ndani ya luninga. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu wengi wamechanganya dijiti na HD, kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Kituo kinaporusha picha ya kawaida, luninga ya HD huivuta tu ijae kioo. Mnunuzi ahakikishe kwamba king'amuzi chake pia ni cha HD, na kwamba kimeunganishwa kwa waya wa HDMI. Sisi tulikuwa tumechomeka ule waya wa zamani wa rangi tatu, ambao picha ya HD haupitishi kabisa.

Waya ukibadilishwa, na matangazo yenyewe yakiwa ya HD, faida huonekana. Namba ya simu katika tangazo la chanjo husomeka, na vidole vya mkalimani wa lugha ya alama, aliyewekwa katika kisanduku pembeni mwa kioo, hutambulika kimoja kimoja. Kwa kiziwi anayefuatilia habari za mlipuko wa ugonjwa, hilo si anasa.

Hata hivyo kuna jambo ambalo muuzaji hakulisema, na sidhani kama alilijua: umbali. Luninga ya inchi 32 ina kimo cha picha cha sentimita 40 hivi. Jicho zima, linalosoma mstari wa 6/6 katika chati, huweza kutenganisha mistari ya Full HD ya kioo hicho hadi mita 1.3 tu, na ile ya HD ya nukta 720 hadi mita 1.9. Anayeketi mita tatu nyuma amelipia nukta asizoziona. Basi pima kwanza umbali wa kochi lako, ndipo uchague ukubwa wa kioo. Na katika ukumbi wa wagonjwa, ambako benchi la nyuma liko mita tano kutoka ukutani, herufi kubwa hufaa kuliko nukta nyingi.

Jicho la 6/12 hulazimika kusogea hadi nusu ya umbali huo. Lenye mtoto wa jicho huweza kusogea hadi pua iguse kioo bila kuondokewa na ukungu.

Na hapo ndipo nilipopaswa kuanzia. Mawimbi ya analojia yalipodhoofika yalileta chenga. Ya dijiti hayaleti ukungu: picha hukatikakatika vipande vya mraba, huganda, au hutoweka, kama inavyotokea kwa wenye madishi mvua kubwa za Tukuyu zinaponyesha. Kwa hiyo mtu anayelalamikia ukungu ambao wenziwe waliokaa naye hawauoni, kasoro haimo katika luninga. Mtoto wa jicho ni kuchafuka kwa lenzi ndani ya jicho. Rangi hufifia, na mwanga wa dirishani au wa taa za gari hukera. Hakuna dawa ya matone inayouondoa, wala miwani haiusafishi. Hutibiwa kwa upasuaji, lenzi ile ikatolewa na ya bandia ikapandikizwa. Glakoma ni hatari kwa namna nyingine: huanza kula pembe za uoni kimyakimya huku katikati pakiwa safi, na kilichopotea hakirudi. Mwenye kisukari naye apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Watoto je? Kukaa karibu na luninga hakupofushi, kinyume cha tulivyoambiwa utotoni. Lakini mtoto anayesogea kila mara huenda haoni mbali, na dalili hiyo hiyo itakuwa ikimsumbua mbele ya ubao shuleni. Apelekwe akapimwe badala ya kukaripiwa. Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asitazamishwe luninga, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Mama alipelekwa Mbeya, akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Jioni ya kwanza baada ya kurudi alikaa mbele ya luninga, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba yule mtangazaji, kumbe, amezeeka. Jicho la kushoto linasubiri zamu. Ile ya chogo ipo jikoni, na kila anapokoroga ugali huitazama, akisema inaonyesha vizuri tu.