Makilo yetu yakihamia kwenye intaneti

Koperative za kahawa na kakao upande wa Kivu na Ituri zimeanza kuacha ordinatere ya zamani ya ofisi na kuweka hesabu zao kwenye klaudi. Neno hilo lisiwatishe. Maana yake fishie haikai tena ndani ya mashini yenu. Inakaa kwenye mashini za kampuni fulani mbali, na ninyi munaifikia kwa intaneti, kwa ordinatere ao kwa telefoni. Ofisi ikiporwa, ao watu wakikimbia usiku, hesabu haipotei pamoja na mashini. Kwa sisi wa mashariki hiyo si faida ndogo, na hatutaki mutu asome makala hii akafikiri tunamukataza kuhama.

Lakini fishie iliyoandikwa miaka kumi katika Excel ya zamani haifiki kule na kila kitu chake. Programu ya zamani na huduma ya mupya hazisemi luga moja kila mahali, na pale zisiposikilizana, mara nyingi hakuna kengele inayolia. Nambari inabadilika kimya. Na nambari hiyo ni makilo ya mutu: ndiyo inayoamua atapata nini siku ya kugawanya nyongeza ya bei mwisho wa msimu, na deni lake la mbegu limebaki kiasi gani.

Tuanze na kitu kidogo kuliko vyote, mkato. Sisi tulisoma Kifaransa, tunaandika kilo arobaini na nane na nusu hivi: 48,5. Huduma nyingi za klaudi zinafunguliwa zikiwa na mapangilio ya Kingereza, na kwa Kingereza ile nusu inatanguliwa na nukta: 48.5. Sasa muchukue mfano wa mama aliyeleta kahawa nyekundu mara tatu: kilo 48,5, kisha 36, kisha 51,5. Kwa kalamu ni kilo 136. Lakini kama ile huduma haitambui mkato wetu, inaweza kuchukua 48,5 na 51,5 kama maandishi tu, sawa na jina la mutu, na wakati wa kujumlisha inaruka maandishi. Jumla inaandikwa 36. Hakuna rangi nyekundu, hakuna neno la kosa. Mama amepoteza kilo mia moja, na karani anaapa kwamba mashini haidanganyi.

Kuna kosa lingine la namna hiyo ambalo lina huruma, juu linaonekana. Kama mizani yenu inatoa tarakimu tatu nyuma ya mkato, 48,250 inaweza kusomwa kama elfu arobaini na nane, mia mbili na hamsini. Hapo kila mutu anacheka na kutengeneza. Ile ya kwanza ndiyo ya kuogopa.

Dawa yake ni nyepesi, lakini ifanywe mbele ya kuandika mstari wa kwanza. Katika Google Sheets munaingia kwenye Fichier, kisha Paramètres, na kuchagua nchi inayotumia Kifaransa. Chaguo hilo linashika fishie nzima, kwa watu wote wanaoifungua. Tena, kama munaweza, mupeleke fishie ya Excel yenyewe, musiipitishe kwanza kwa CSV. Ile CSV ni maandishi matupu, kolone zake zinatengwa kwa alama moja tu. Mashini ya Kifaransa inatenga kwa nukta-mkato, ya Kingereza inatenga kwa mkato. CSV iliyotoka upande mmoja ikifunguliwa upande mwingine, kilo 48,5 inaweza kupasuka: 48 inakaa kolone moja, 5 inarukia kolone ya jirani ambayo labda ni ya bei.

Tarehe nazo zina mchezo huohuo. Kwetu 03/04 ni tarehe tatu mwezi wa nne. Kwa mapangilio ya Marekani ni tarehe nne mwezi wa tatu. Kama bei ilipanda katikati ya msimu, mutu analipwa bei ambayo si ya siku yake. Andikeni tarehe kwa kuanza na mwaka, 2025-04-03, na ugomvi huo unaisha.

Majina yanateseka pia, hasa yale yenye alama za Kifaransa. Gédéon anageuka GÃ©dÃ©on. Wengi wanaona ni uchafu wa sura tu, lakini karani mwingine akija na kuandika Gédéon upya, mashini inahesabu watu wawili, na makilo yake yanagawanyika. Namba za telefoni zinaanza na sifuri, na programu ikidhani ni hesabu, inakata sifuri ile. Kama munalipa kwa telefoni, muweke kolone ile kama maandishi tangu mwanzo. Na kila mwanamemba apewe kode yake, kwa mfano KB-014, ambayo ina herufi mbele ili mashini isiiguse. Watu wenye jina moja katika kijiji kimoja ni wengi, hata bila klaudi.

Tuje kwenye vile vitufe. Koperative nyingi ziliachiwa na mradi fulani fishie nzuri ya Excel: munabonyeza kitufe, na karatasi ya malipo inatoka. Nyuma ya kitufe kuna programu ndogo inaitwa makro. Makro hizo hazitembei katika Google Sheets, na hazitembei katika Excel ile inayofunguliwa ndani ya intaneti. Kitufe munaweza kukiona, lakini kimekufa. Fishie za Access nazo hazifunguki katika Google Sheets. Na kama fishie yenu ya malipo ilikuwa inachukua bei ndani ya fishie nyingine ya mashini ileile, kamba ile inakatika. Mara nyingine munaona #REF! na munajua. Mara nyingine inabaki nambari ya mwisho iliyohesabiwa, yaani bei ya msimu uliopita, imekaa kimya kama kwamba ni ya leo. Kwa hiyo mbele ya kuhama, mutu anayejua fishie ile aandike kwa karatasi, kwa maneno ya kawaida, kila kitufe kinafanya nini na kila bei inatoka wapi. Kazi ya siku moja ao mbili. Bila karatasi hiyo, fundi yeyote mutakayemuita atakuwa anabahatisha.

Sasa jambo ambalo tunaliona ni zito kuliko yote kwa miaka hii: alama za GPS za mashamba. Sheria ya Umoja wa Ulaya nambari 2023/1115 inataka kahawa na kakao zinazoingia kule zionyeshe shamba zilikotoka, na kwamba pori halikukatwa pale nyuma ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2020. Tarehe ya kuanza sheria hiyo imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wameshaanza kuomba alama hizo. Shamba la chini ya hektari 4 linaweza kuonyeshwa kwa nukta moja, lile linalopita hapo linaomba mzunguko wake wote. Nambari zinatakiwa kuwa na tarakimu sita nyuma ya mkato. Mukizikata zibaki mbili, nukta inaweza kusogea mamia ya metres.

Tuseme shamba liko Kalehe, kusini ya ikweta kwa 2,1 na mashariki kwa 28,9. Kwa kuwa ni kusini, ile nambari ya kwanza inabeba alama ya kutoa: -2,1. Wakati wa kuhamisha, alama ile ni nyepesi kuanguka, hasa kama fishie ya zamani iliandika S ya kusini katika kolone yake peke yake. Ikianguka, kahawa ya Kalehe inaonekana imelimwa ndani ya pori la Ituri, upande wa Hifadhi ya Okapi. Mnunuzi wa Ulaya anaangalia picha ya satelaiti, anaona miti mikubwa, na anakataa. Kolone mbili zikibadilishana nafasi, shamba linatua katika jangwa la Aljeria. Hilo angalau hakuna anayelisadiki. Na zinabadilishana kweli, juu programu nyingine zinaandika kaskazini-kusini kwanza, nyingine zinaanza na mashariki.

Wale wa Lubero wawe macho zaidi. Mji wa Lubero uko kusini kidogo ya ikweta, Butembo iko kaskazini kidogo. Shamba la Lubero likipoteza alama yake ya kutoa, linaangukia upande wa Butembo, karibu kilometa 35. Pale pia kuna kahawa na vilima, na mutu aliye Brussels hawezi kushuku kitu. Ninyi wenyeji tu ndio munaweza kuona. Mukishahamisha, mufungue alama kwenye ramani ya telefoni na muite wanamemba waonyeshe kama nukta iko kwao.

Juu ya mashini tutasema kidogo. Ordinatere ya Windows 7 haipati tena matengenezo ya Microsoft tangu mwezi wa kwanza 2020, na Chrome iliacha kutoa toleo mupya kwa Windows 7 mwaka 2023. Huduma ya klaudi inaweza kufunguka leo na kukataa kesho. Kabla ya kumwita fundi kwa sababu «intaneti imekataa», muangalie kwanza saa ya mashini. Betri ndogo ya ndani ikikufa, tarehe inarudi miaka ya nyuma, na tovuti zenye usalama zinakataa kufunguka mpaka mutengeneze tarehe.

Na rezo? Ku kituo cha kuoshea kahawa mara nyingi haiko. Google Sheets inaweza kufanya kazi bila rezo, lakini lazima muruhusu hivyo mukiwa bado mahali penye rezo, la sivyo mutafika kwenye mizani na skrini nyeupe. Kwa kupokea kahawa tunapenda zaidi fomu za KoboToolbox kwenye telefoni ya Android: karani anajaza bila rezo, na zinatumwa akifika penye rezo. Ila mukibadilisha maswali ya fomu katikati ya msimu, telefoni ambayo haijachukua fomu mupya itaendelea kutuma ya zamani, na kolone zitachanganyikana. Mubadilishe mbele ya msimu, si ndani yake.

Ushauri wetu ni kwamba msimu mmoja muzima muandike pande mbili: klaudi, na kaye ya mizani yenye kidole ao sahihi ya mwanamemba. Ni kazi mara mbili, makarani watanung'unika, na wana haki, muwaongeze kitu. Ordinatere ya zamani ifungwe ndani ya kabati, isifutwe na isigawiwe. Kila juma, karani na mutu mmoja wa komite ya uangalizi wachague wanamemba ishirini, na walinganishe makilo ya kaye na ya klaudi. Wachague hasa wale wenye nusu kilo, wenye majina yenye alama, na wenye mashamba ya mbali.

Akaunti yenyewe iandikwe kwa jina la koperative, si kwa anwani ya agronomi ao ya mutu wa mradi, na neno la siri lijulikane na watu wawili wa komite. Mbele ya kulipa, muombe mwenye huduma awaonyeshe namna ya kutoa fishie yote na kuifungua ndani ya Excel ya kawaida, na muifungue mbele yake. Na mwanamemba yeyote akiomba karatasi ya makilo yake, apewe, alinganishe na risiti zake za nyumbani.