Saa ya Mkononi Ikizembea, Usikimbilie Kuifuta

Zamani saa ilikuwa kitu cha heshima. Mtu aliinunua mara moja katika maisha yake, akaitia ufunguo kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, na ilipougua aliipeleka kwa fundi aliyeibandika lenzi jichoni. Fundi aliifungua, akapuliza vumbi, akatia tone la mafuta, kisha mwenyewe akaenda zake. Leo mambo yamegeuka. Saa iliyoko mkononi mwa askari au mama wa nyumbani aghalabu ni kompyuta ndogo, nayo huugua maradhi ya kompyuta.

Mabadiliko hayo hayakuja kwa siku moja. Mwaka 1972 kampuni ya Hamilton ya Marekani iliuza saa ya Pulsar, iliyoonyesha tarakimu kwa taa badala ya mishale. Mwaka 2013 Samsung ilitoa Galaxy Gear, na mwaka 2015 Apple ikatoa Apple Watch. Tangu hapo saa zimejifunza kuhesabu hatua, kupima mapigo ya moyo kwa taa ya kijani inayomulika damu chini ya ngozi, kupokea ujumbe na kuchora ramani ya mahali mtu alipopita. Watu wengi huziita saa janja. Ujanja huo lakini una gharama yake, na mimi niliilipa mbele ya jamaa zangu.

Mwaka juzi kaka yangu, ambaye ni askari, alirudi kutoka Somalia alikokuwa katika jeshi la kulinda amani la Umoja wa Afrika. Alimletea baba yetu saa ya namna hiyo, ya bei ya kadiri. Baba ni askari polisi mstaafu. Daktari alikuwa amemkuta na shinikizo la damu, akampa vidonge, akamwagiza atembee kila siku, na kila baada ya miezi miwili arudi kliniki na hesabu ya mwendo wake. Mzee aliipenda kazi hiyo. Kila alfajiri alizunguka uwanja wa mpira kana kwamba yuko lindoni, na jioni alitutangazia idadi ya hatua zake.

Baada ya miezi kadhaa saa ikaanza kuzembea. Aligusa kioo, ikakaa kimya, ikajibu akiwa amekwisha kukata tamaa. Betri iliyodumu siku nzima ikawa haifiki adhuhuri. Akaniita: "Mwanangu, wewe uliyesomea ualimu, hebu itazame hii." Nami, kwa kuogopa kuonekana sijui, niliingia katika mipangilio, nikaona mahali pa kufuta kila kitu na kuirudisha saa kama ilivyotoka kiwandani, nikabonyeza. Baada ya muda mfupi saa ilikuwa nyepesi kama mpya. Nilikuwa bado najisifu pale shemeji yangu, mke wa kaka, aliponiuliza kwa upole, "Shemeji, na hatua za mzee ziko wapi?"

Kioo kilionyesha sifuri. Simu ya mzee ilikuwa kwa fundi wiki tatu ikisubiri kioo kipya, na kwa muda wote huo hesabu hazikupata njia ya kutoka katika saa kwenda katika simu. Zilikuwa mahali pamoja tu, nami nilikuwa nimezifuta. Siku ya kliniki ilikuwa imebakia siku nne. Kosa lilikuwa langu, si la saa. Kwa hiyo yafaa nieleze hapa yale niliyojifunza baadaye, ili mwingine asiyanunue kwa bei ile ile.

Kwa nini saa huzembea? Fikiri ofisi ya karani. Ana meza anayofanyia kazi na kabati la majalada. Meza ikijaa karatasi, kila kazi huchelewa hata kama karani ni hodari. Kabati likijaa, jalada jipya halina pa kukaa. Ndani ya saa mna meza na kabati, na vyote viwili ni vidogo mno kuliko vya simu. Kielelezo kizuri ni Apple Watch Series 3, iliyoanza kuuzwa Septemba 2017. Ile isiyotumia laini ya simu ilikuwa na hifadhi ya gigabaiti 8 tu. Ilipofika mwaka 2021 nafasi ilikuwa finyu kiasi kwamba kampuni iliwaagiza wenye saa hizo kuitenganisha saa na simu na kuiunganisha upya ndipo waweze kupata toleo jipya la programu. Basi kuifuta saa ni dawa ya kweli. Lakini ni dawa kali, na dawa kali hutanguliwa na dawa nyepesi.

Kwanza, izime na uiwashe. Kufanya hivyo ni kusafisha meza bila kugusa kabati, maana kumbukumbu za hatua na mapigo ya moyo hubaki salama. Saa ya Apple itoe kwenye chaja kabla ya kuizima. Ikiwa imeganda kabisa, bonyeza kwa pamoja kitufe cha ubavuni na kile cha kuzungushwa, uvishike kwa sekunde 10 au zaidi, hadi alama ya tofaa ionekane. Saa ya Samsung Galaxy Watch hubonyezwa vitufe vyake viwili kwa pamoja kwa zaidi ya sekunde 7. Usifanye hivyo kamwe wakati saa inapokea toleo jipya la programu, kwani ni sawa na kumkatisha fundi aliyekwisha kufungua injini.

Pili, punguza mzigo. Ondoa programu usizozitumia, nyimbo ulizozihifadhi ndani ya saa, na sura za saa zenye mapambo mengi. Zuia taarifa zisizo za lazima. Hakuna haja ya mkono kutetemeka kila mtu anapoandika neno katika kundi la harusi. Kioo kinachowaka saa zote nacho hula betri.

Tatu, angalia kama kuna toleo jipya la programu. Toleo jipya mara nyingi huleta marekebisho ya makosa ya lile lililotangulia. Iweke saa kwenye chaja na simu karibu yake. Apple hutaka betri iwe imefika asilimia 50 au zaidi kabla ya kazi hiyo kuanza.

Nne, ichunguze simu. Mara nyingine anayechelewa ni simu, wala si saa. Zima Bluetooth ya simu na uiwashe, kisha izime na kuiwasha simu yenyewe.

Tano, na hii ni ya mwisho, ifute saa. Kabla ya kubonyeza, hakikisha kwa macho yako kwamba hesabu za leo zimekwisha kuingia katika simu. Saa nyingi za Fitbit, kwa mfano, hutunza habari za kila dakika kwa siku 7 tu na jumla za kila siku kwa siku 30, kwa hiyo kukaa muda mrefu bila kuiunganisha na simu ni hatari hata kama hufuti kitu. Pili yake, lijue neno la siri la akaunti yako. Mwenye Apple Watch na aifute kwa kuitenganisha kupitia simu, kwa sababu simu huchukua kwanza nakala ya akiba, tena huondoa kufuli la mwenye mali. Akiifuta juu ya saa peke yake, kufuli hilo hubaki, na atakayepewa saa hiyo hataweza kuitumia bila akaunti ya mwenyewe. Baada ya kazi, ipe saa siku moja au mbili kabla ya kuilaumu, kwa kuwa hupanga vitu vyake upya na betri huweza kushuka upesi katika siku hizo.

Yako magonjwa ambayo kufuta hakuyaponyi. Betri ni kama kiatu cha gwaride, nayo huchakaa kwa kutumiwa. Apple husema betri ya saa yake imetengenezwa ibakize hadi asilimia 80 ya nguvu zake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 1,000. Kadhalika, saa isiyoweza kupima jambo fulani haitaweza hata ukiifuta mara kumi. Februari 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu wasizitumie saa na pete zinazodaiwa kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Mwenye kisukari asibadili dawa yake kwa kuamini tarakimu ya namna hiyo.

Kwa askari kuna jambo jingine zito. Novemba 2017 kampuni ya Strava, inayotunza kumbukumbu za wakimbiaji, ilitoa ramani ya dunia yenye kung'aa mahali watu walipofanyia mazoezi. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia aligundua kwamba ramani hiyo ilionyesha kambi za kijeshi katika nchi kama Syria na Afghanistan. Askari walikuwa wakikimbia kuzunguka kambi zao wakiwa na saa mkononi, na mistari ya mwendo wao ikachora kambi yenyewe. Agosti mwaka huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwakataza watu wake kutumia uwezo wa kuonyesha mahali katika vifaa vyao wawapo katika maeneo ya operesheni. Tuzingatie kwamba kuifuta saa hakufuti kilichokwisha kupelekwa katika akaunti. Askari anayekwenda kazini na azime ramani hiyo mapema, na afuate amri ya mkuu wake kuhusu vifaa hivyo. Anayeuza au kumpa mtu saa yake, huyo na aifute bila kusita, ila kwa utaratibu niliokwisha kuutaja.

Sasa nirudi kwa mzee. Siku ya kliniki nilimsindikiza nikiwa nimeinamisha kichwa, nimekwisha kutayarisha maneno ya kumweleza daktari. Daktari alipouliza hesabu, baba alitia mkono katika mfuko wa koti, akatoa daftari dogo la shule. Kumbe kila jioni, baada ya kututangazia hatua zake, alikuwa akiziandika kwa tarehe, kama alivyoandika kitabu cha matukio kituoni miaka yake yote ya kazi. Wiki zangu tatu zilikuwamo zote.

Tena kulikuwa na zaidi. Kando ya siku chache, penye tarakimu ndogo, alikuwa ameandika: "Kizunguzungu asubuhi. Nilikaa." Hakutuambia sisi neno hilo. Daktari alilisoma mara mbili, akampima akiwa amekaa na akiwa amesimama, kisha akapunguza kidonge kimoja. Saa, hata kama nisingeifuta, ingesema tu kwamba siku hizo mzee alitembea kidogo. Isingesema sababu.

Tulipokuwa tukitoka nilimwomba radhi. Akacheka, akarudisha daftari mfukoni, akasema, "Mali bila daftari hupotea bila habari, mwalimu." Saa anaivaa hadi leo, nayo inakwenda vizuri. Ikianza tena kuzembea huizima na kuiwasha mwenyewe, wala hanipi.